Moto au baridi? Chladni, wakili wa mawe yaliyotoka angani

Sema uko ushago kwa shosho, asubuhi, mbingu nyeupe bila wingu hata moja. Ghafla huko juu kunalia kama radi, mara mbili, mara tatu. Kisha unasikia mluzi, halafu pu! Jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi limejizika kwenye mistari ya viazi. Unakimbia mpaka pale. Unaligusa ama huligusi?

Najua jibu lako. Huligusi. Sote tumelelewa na filamu ambapo jiwe la kimondo linatua likifuka moshi, nyasi zinawaka, na mwigizaji anayejifanya shujaa anachomeka kidole. Shikilia hapo hapo, tutarudi kwa hilo jiwe. Kwanza kuna msee mmoja lazima umjue, kwa sababu bila yeye hata hilo swali lisingekuwepo. Kama ungeishi Ulaya miaka 240 hivi iliyopita, ukaenda kuwauliza wasomi wakubwa wa Paris kama mawe yanayoanguka kutoka angani huwa moto ama baridi, wangekucheka mpaka utoke nje. Kwao, mawe hayakuwa yanaanguka kutoka angani. Mkulima aliyesema ameliona likianguka alikuwa mjinga, mlevi, ama anatafuta sifa.

Aliyeipindua hiyo kesi aliitwa Ernst Chladni. Usihangaike na herufi, tamka Kladni. Na usimtafute kwenye orodha ya maprofesa, hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa sheria aliyeacha sheria akaenda kupiga shoo za muziki.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1756 katika mji wa Wittenberg, Ujerumani ya leo, mji ule wa Martin Luther. Baba yake alikuwa profesa wa sheria, na kama umewahi kuishi na mzazi aliyeshakuchagulia kozi kabla hujaingia sekondari, basi huyu baba unamjua. Mtoto alifungiwa ndani kama kuku wa mayai. Kutoka nje kucheza ilikuwa ni bahati. Akawa anakaa na ramani na vitabu vya safari, akiota siku atakayoondoka. Alipenda muziki, lakini alianza kujifunza kinanda akiwa na miaka 19, umri ambao wenzake walikuwa tayari wanapiga kanisani. Alipotaka kusomea mambo ya sayansi, baba akasema sheria. Akasoma sheria. Wittenberg kwanza, kisha Leipzig, mpaka akamaliza mwaka 1782.

Mwaka huo huo baba akafariki. Chladni akazika baba, akaiweka sheria kabatini, akaenda alikokuwa anataka kwenda tangu zamani. Sitasema alifurahi, hakuna anayejua hilo. Lakini hakurudi nyuma hata siku moja.

Shida ni kwamba hakuwa na kazi. Chuoni walimruhusu kufundisha kidogo, mshahara wa maana haukuwepo. Basi akatafuta eneo ambalo wakubwa hawajalijaza, akaliona: sauti. Watu walijua kupiga vyombo, lakini sayansi ya sauti ilikuwa bado changa. Akachukua bamba la shaba nyeupe, akalishika katikati, akamwaga mchanga mwembamba juu yake, halafu akalikwaruza pembeni kwa upinde wa fidla. Bamba likalia. Na ule mchanga ukaanza kutembea wenyewe, ukajipanga kwa mistari: nyota, miduara, maumbo kama nakshi za mlango wa Lamu. Sababu ni kwamba bamba linapotetemeka, kuna sehemu zinazoruka na sehemu zinazotulia, na mchanga hukimbilia zilizotulia. Kila noti na umbo lake. Mwaka 1787 akatoa kitabu kuhusu hilo, na hadi leo michoro hiyo inaitwa kwa jina lake. Umeshaiona mtandaoni, naapa, ile video ya mchanga mweupe kwenye bamba jeusi. Ni yake hiyo.

Akaunda na vyombo viwili vya muziki vya kioo, kimoja akakiita eufoni, unakipiga kwa kupapasa vijiti vya kioo kwa vidole vilivyoloa maji. Akapakia kila kitu kwenye gari lake la farasi, akaanza kuzunguka Ulaya mji kwa mji, akitoza kiingilio. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake karibu maisha yote. Hasla kabisa: watu wasipokuja leo, kesho farasi hali.

Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linalofanya kilichofuata kiwe cha hatari. Mtu anayeishi kwa jina lake hawezi kumudu kuitwa kichaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1790 alipita Göttingen, akakutana na Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia aliyekuwa akiheshimika sana. Lichtenberg alikuwa ameona mpira wa moto ukipita angani juu ya mji mwaka 1791, na haukumtoka akilini. Wakapiga stori. Wengi walidhani mipira hiyo ni aina ya umeme tu, ama gesi za angani zinazowaka. Lichtenberg akatupia wazo jingine: pengine ni vitu vinavyoingia kutoka nje ya hewa yetu. Akamshauri Chladni aende maktaba aone wengine waliandika nini.

Chladni akaingia maktaba ya Göttingen na hakutoka kwa wiki tatu. Na hapa ndipo ile digrii aliyolazimishwa ikamfaa. Mwanasayansi wa siku zile alikuwa akisoma ripoti ya mkulima kutafuta kama inaingiliana na anachoamini. Chladni aliisoma kama wakili anayesoma taarifa ya shahidi. Huyu alisimama wapi? Aliona nini kwa macho yake, na nini alisikia kwa watu? Kuna mwingine asiyemjua aliyesema kitu kile kile? Alikusanya ripoti 24 za mipira ya moto na 18 za mawe ama vyuma vilivyosemekana kuanguka, za nchi tofauti na karne tofauti. Kila akichimba, stori ilikuwa ile ile. Mwanga mkali unapita kwa kasi ya kutisha. Mlio kama wa mizinga. Kisha jiwe lenye ganda jeusi, ambalo halifanani na mawe mengine ya pale. Hawa mashahidi hawakuwahi kukutana, wengine walitenganishwa na miaka mia mbili. Wangekaa wapi kupanga uongo mmoja?

Ili uone ukuta aliokuwa anaugonga, acha nikupe kesi moja. Mwezi Septemba 1768, wavunaji wa Lucé huko Ufaransa walisikia radi bila mvua, wakatazama juu, wakaona kitu kinashuka. Walipofika wakakuta jiwe limezama nusu ardhini, na wakasema lilikuwa moto, hawakuweza kulishika. Jiwe likapelekwa Akademia ya Sayansi mjini Paris, na mmoja wa watatu waliopewa kulichunguza alikuwa Lavoisier, yule wa oksijeni uliyemsoma kwenye kemia. Ripoti yao ya mwaka 1772 ilisema jiwe ni la hapa hapa duniani. Lilikuwa limefunikwa na udongo kidogo, radi ikalipiga, ikalifunua, wavunaji wakadhani limeanguka.

Sasa angalia walichokiona kabla ya kukosea. Waliona kwamba ganda la nje limeyeyuka lakini ndani jiwe liko salama kabisa. Wakasema wazi kwamba joto lilikuwa kali, ila halikukaa muda wa kutosha kuingia ndani. Maze, hilo ndilo jibu la swali letu, wamelishika mkononi! Ila kwa sababu walishaamua mbinguni hakuna mawe, wakalipa radi sifa yote wakaenda zao.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka 1790 mawe yalinyesha karibu na Barbotan, kusini magharibi mwa Ufaransa. Watu zaidi ya 300 waliweka sahihi kwenye taarifa ya walichokiona, meya akiwa mmoja wao. Msomi mmoja aliisoma akasikitika kwamba manispaa nzima inaweza kuthibitisha hadithi ya vijijini. Watu mia tatu, bana. Kortini ungefungwa maisha kwa mashahidi wawili.

Chladni akaandika kitabu chake mwaka 1794. Kurasa 63 tu, kilichapishwa Riga na Leipzig. Shahidi wake mkuu hakuwa hata mtu, kilikuwa kipande cha chuma cha kilo 700 hivi kilichopatikana mlimani karibu na Krasnoyarsk, Siberia. Peter Simon Pallas, mtafiti aliyekuwa akitembea huko kwa niaba ya Urusi, alikiona mwaka 1772 akapanga kipelekwe St Petersburg. Watatari wa eneo lile walikiheshimu kama kitu kitakatifu kilichoshuka kutoka mbinguni, na hakuna msomi aliyewasikiliza. Chladni aliwasikiliza, kisha akafunga milango mingine mmoja baada ya mwingine. Volkano? Hakuna volkano pale. Watu waliyeyusha chuma? Hakuna tanuri la enzi zile ambalo lingetoa chuma cha aina ile, chenye matundu yaliyojaa madini ya manjano kama kioo, na nani angekibeba mpaka juu ya mlima? Radi? Radi haiwezi kuyeyusha mzigo kama ule. Kilichobaki ni kile walichosema Watatari.

Halafu akaunganisha nyaya ambazo hakuna aliyekuwa ameziunganisha namna hiyo. Mipira ya moto na mawe yanayoanguka ni kitu kimoja, kimoja ni safari na kingine ni mwisho wa safari. Kasi ya mipira ile, kwa hesabu za walioiona, ni kubwa kuliko ile ambayo kuanguka tu kungeweza kuipa. Kwa hivyo vilikuja vikiwa tayari na mwendo wao, kutoka anga za mbali. Na ule moto? Akasema vinaingia baridi na vyeusi, hewa yetu ndiyo inayoviwasha kwa msuguano. Hakuna aliyehitaji gesi za kuwaka wala umeme.

Walimcheka. Kumbuka wakati ule ilifundishwa kwamba kati ya sayari hakuna kitu, utupu mtupu, kwa hivyo jamaa alikuwa anajaza mbingu za Newton na kokoto. Alikubali baadaye kwamba aliandika akijua wenzake hawatapendezwa. Profesa mwenye mshahara akichekwa anarudi darasani kesho yake. Huyu alikuwa anarudi barabarani na mabamba yake, kutafuta watu wa kulipa kiingilio.

Bahati, au sijui tuiite nini, mbingu zenyewe zikaja kutoa ushahidi. Kitabu kikiwa na miezi michache tu, tarehe 16 Juni 1794, mawe yakanyesha Siena, Italia, jioni, mbele ya watu wengi. Volkano ya Vesuvius ilikuwa imelipuka chini ya siku moja kabla, kwa hivyo wengi wakailaumu, ingawa iko mbali zaidi ya kilomita 300. Kisha tarehe 13 Desemba 1795, huko Wold Cottage, Yorkshire, Uingereza, jiwe la kilo 25 likaanguka shambani karibu na kibarua anayeitwa John Shipley, likamrushia udongo mwilini. Lilipasua udongo mpaka kwenye mwamba wa chokaa chini yake. Walioliona walisema lilikuwa na uvuguvugu na likitoa moshi wenye harufu ya kiberiti. Uingereza hakuna volkano ya kusingizia. Mwenye shamba, Edward Topham, alikuwa hakimu, akachukua taarifa za mashahidi kwa kiapo, halafu akalipeleka jiwe London watu walione kwa kiingilio. Chladni angeielewa hiyo biashara vizuri sana.

Vipande vya mawe haya vikafika kwa mwanakemia Edward Howard. Mwaka 1802 akatoa majibu: jiwe la Siena, la Yorkshire, la Benares nchini India na mengine, yote yana punje za chuma zenye nikeli ndani. Chuma cha Siberia nacho, nikeli. Mawe ya kawaida ya duniani hayana hicho kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili 1803, karibu mawe 3,000 yakamwagika juu ya mji wa L'Aigle, Normandy, kama vile Ufaransa ilikuwa inadaiwa. Serikali ikamtuma kijana wa fizikia, Jean-Baptiste Biot. Akatembea kijiji kwa kijiji akihoji watu na kupima wapi mawe yameanguka, na aliporudi Paris hakukuwa na wa kubisha tena. Mabishano yaliyobaki yalikuwa yanatoka wapi, na Laplace, mtu mkubwa kabisa wa hesabu, alidhani yanarushwa na volkano za mwezini.

Sasa turudi kwa shosho. Jiwe bado liko kwa viazi.

Liguse. Mara nyingi litakuwa na uvuguvugu kidogo, ama la kawaida tu, na linaweza hata kuwa baridi. Nakueleza kwa nini, na nitatumia samaki.

Umewahi kuwa na njaa usiku, ukatoa samaki kwa friji akiwa ameganda kama tofali, ukamtupa moja kwa moja kwenye mafuta moto? Nje amekauka, ana rangi safi ya kahawia. Ukiuma, katikati barafu. Mafuta hayakuwa na kosa, ni muda uliokosekana. Jiwe la kimondo ni samaki huyo. Limezunguka angani kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake ni baridi ya kiwango cha maji kuganda au chini ya hapo. Linaingia kwenye hewa yetu kwa kilomita 11 kwa sekunde likiwa pole pole, na linaweza kufika hata 70. Uso wake unapanda zaidi ya nyuzi 1500, unayeyuka. Lakini kile kilichoyeyuka hakikai, upepo unakifagia kikaondoka na joto lake, kama sabuni inavyoisha mkononi. Jiwe pia ni kitu kizito kupitisha joto. Shughuli yote ya moto ni sekunde chache, na joto linaingia milimita chache tu.

Kisha inakuja sehemu ambayo filamu huikata. Likiwa bado juu kilomita 20 hivi, jiwe dogo limeshapoteza kasi yake yote ya angani. Moto unazimika. Kutoka hapo linaanguka kama jiwe lingine lolote lililotupwa kutoka ghorofani, kilomita 200 hadi 400 kwa saa, gizani, kwa dakika kadhaa, likipita kwenye hewa ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Wewe umewahi kukaa karibu na dirisha lililokataa kufunga kwenye matatu ya Limuru saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe. Ganda jeusi, ambalo unene wake ni kama milimita moja, linapoa kabisa kabla ya kugusa ardhi, na baridi ya ndani bado inasubiri kutoka.

Mwaka 1860, tarehe 14 Julai, mawe yalianguka Dharamsala, India, na ripoti ya ofisa Mwingereza aliyekuwa pale ilisema waliookota vipande walivitupa haraka kwa sababu vilikuwa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Kuna wanasayansi wanaoitilia shaka hiyo ripoti hadi leo, kama vile Paris walivyowatilia shaka wavunaji wa Lucé kwa kusema kinyume chake. Mimi nadhani Chladni angeyapokea mafaili yote mawili. Jiwe linaweza kufika na uvuguvugu ganda likiwa bado halijapoa. Chuma hupitisha joto vizuri kuliko jiwe, kwa hivyo kimondo cha chuma kina nafasi ya kukuunguza kidogo. Na likiwa kubwa kweli, la matani kwa maelfu, hewa haiwezi kulipunguza kasi, linafika na mwendo wake wote na linalipuka, hapo hutauliza tena moto ama baridi.

Kesi ninayoipenda ni ya Ann Hodges wa Sylacauga, Alabama. Alikuwa amelala kwenye kochi amejifunika blanketi, jiwe la karibu kilo 4 likapita paa, likagonga redio, likamgonga yeye. Alipata mchubuko mkubwa kiunoni. Blanketi halikushika moto, kochi halikushika moto. Ilikuwa 1954, tarehe 30 Novemba, siku ya kuzaliwa ya Chladni.

Na hapa kwetu tumepata yetu. Tarehe 16 Julai 2011 mlipuko ulisikika eneo la Thika na mawe yakaanguka mashambani. Ni kimondo halisi, kimesajiliwa duniani kwa jina la Thika. Usikichanganye na ile pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, mwisho wa Desemba 2024. Ile ilisemekana kutua ikiwa nyekundu kwa moto, na si jiwe la kimondo hata kidogo, ni takataka za roketi. Chuma kitupu, kilichotengenezwa na watu. Ukisikia mtu anabisha kwamba vimondo ni moto kwa sababu ya Makueni, mtenganishie mashahidi.

Hata Chladni hakupata kila kitu. Alilaumu msuguano, na vitabu vingi bado vinasema hivyo, lakini moto mwingi unatokana na hewa iliyobanwa mbele ya jiwe, haina pa kukimbilia, inapata joto kama pampu ya baiskeli unapojaza tairi haraka. Kwa mtu aliyeandika mwaka 1794 akitegemea mafaili ya maktaba, nitamsamehe.

Alipokuwa Paris mwaka 1809 aliitwa mbele ya Napoleon mwenyewe, akamwonyesha mchanga unaocheza. Napoleon, ambaye alipenda hesabu, akampa faranga 6,000 atafsiri kitabu chake cha sauti kwa Kifaransa, na Akademia ikatangaza zawadi kwa atakayeeleza michoro ile kwa hesabu. Zawadi ikachukuliwa mwaka 1816 na Sophie Germain, mwanamke aliyejisomea nyumbani kwa sababu vyuo havikuwapokea wanawake. Akademia ile ile iliyosema mawe ya mbinguni ni radi. Ila hata baada ya hapo Chladni hakupewa kiti popote. Vita vya Napoleon vilipoifikia Wittenberg alihamia mji mdogo jirani wa Kemberg, hakuoa, na kila mwaka farasi walifungwa tena kwa safari nyingine.

Ila mzigo ulikuwa umebadilika. Pamoja na mabamba na vyombo vya kioo, sasa alibeba mawe. Popote alipopiga shoo ya sauti, alitoa na somo la vimondo, watu wakaviona, nadhani wengine wakaviomba wavishike. Alinunua, akabadilishana, akaombaomba vipande kwa marafiki. Mwaka 1819 akatoa kitabu kikubwa huko Vienna kilichoorodhesha kila mpira wa moto na kila jiwe alilopata ushahidi wake.

Mwaka 1827, akiwa na miaka 70, alikuwa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, bado anafundisha kwa kiingilio. Alifariki ghafla huko tarehe 3 Aprili. Kwenye wosia wake, mkusanyo wa mawe ulikwenda chuo kikuu cha Berlin, ambako hakuwahi kuajiriwa. Mawe hayo sasa yako kwenye jumba la makumbusho ya viumbe na madini la Berlin, kwenye joto la kawaida la chumba.